Fielder inalia mbele kushoto na taa ya breki inawaka kwa kona, ni pedi ama nini?

jamaa_wa_mbale

Wakuu habari za jioni. Niko na Toyota Fielder ya 2008, otomatiki, kazi yake ni Mbale kwenda Kisumu asubuhi na kurudi jioni, wikendi inapelekwa ushago kwa barabara ya marram. Sasa kuna sauti imeanza mbele upande wa kushoto. Inalia nyembamba kama filimbi nikiwa natembea polepole, hasa nikipita kando ya ukuta ama lori imesimama ndio unaiskia vizuri maana sauti inagonga inarudi kwa dirisha. Nikikanyaga breki inanyamaza, nikiachilia inaanza tena. Asubuhi kuna ingine ya kukwaruza lakini hiyo huisha kabla sijafika Majengo.

Kitu ingine ni taa nyekundu ya breki kwa dashibodi. Inawaka nikikata kona kali, haswa kuteremka Kiboswa nikiingia Kisumu, halafu gari ikinyooka inazima yenyewe. Handibreki iko chini kabisa, nimeangalia.

Nilipitia garaji moja hapa mjini, fundi hakutoa hata gurudumu, alisimama tu mkono kwa boneti akaskiza halafu akasema ni pedi, diski na kalipa (ile inabana pedi kwa diski), pande zote mbili, na mafuta ya breki juu. Bei akanitajia nikamwambia wacha nikaulize bibi kwanza.

Maswali yangu ni mawili. Kuna njia ya kujua pedi zimeisha kabla sijafungua kila kitu? Na kama ni pedi tu, naweza badilisha mwenyewe hapo kwa nyumba? Niko na jeki ya gari, wili spana na sanduku la spana za kawaida. Breki sijawahi gusa lakini plagi, filta na oili nabadilisha mwenyewe.

---

omera_wa_kondele

Omera, hapo swali la kwanza umejijibu mwenyewe. Hiyo filimbi ni ka-bati kadogo kamebandikwa kwa pedi makusudi. Pedi ikiwa mpya hako ka-bati hakafiki kwa diski, pedi ikiisha ikabaki nyembamba kanaanza kugusa diski inavyozunguka, ndio hiyo sauti. Ukikanyaga breki kanabanwa kananyamaza. Mara nyingi ndio hivyo, ingawa kuna gari zingine zinafanya kinyume, zinalia ukikanyaga. Yaani pedi inakupigia simu mapema, iko na siku kadhaa bado lakini usikae.

Ile ya asubuhi isikusumbue. Hiyo ni kutu ya usiku. Diski ni chuma tupu, mvua ikinyesha ama umande ukishika inapata rangi ya chungwa, na Vihiga vile mvua hainyimani kila mtu anaijua hiyo sauti. Ukibreki kidogo inapanguswa.

Taa ndio imeniambia zaidi. Pedi ikiisha pistoni ya kalipa inatoka nje zaidi ili iifikie diski, na pale nyuma ya pistoni panajazwa na mafuta ya breki, kwa hivyo yale ya kwa chupa pale kwa boneti yanashuka. Yakishuka karibu na alama ya MIN, ukikata kona yanamwagika upande mmoja, floti, kale kadude kanaelea ndani ya chupa, inashuka, taa inawaka. Gari ikinyooka yanarudi, inazima. Kwanza angalia kama kuna mahali yanavuja, chungulia ndani ya kila gurudumu na pale chini ya pedeli, kama ni kavu basi ni pedi zimeisha. USIONGEZE mafuta. Ukiongeza sasa, siku ya kuweka pedi mpya unarudisha pistoni ndani na yote yanafurika juu, na hayo mafuta yanakula rangi ya gari vibaya sana. Ikishawekwa pedi mpya yatapanda yenyewe.

Kuangalia bila kufungua: kata usukani wote upande mmoja, chukua tochi ya simu, chungulia katikati ya rimu. Utaona kalipa, na kati ya kalipa na diski utaona pedi ya nje. Pedi iko na vitu viwili, bati la chuma na ile nyama nyeusi iliyogundishwa kwa bati. Hesabu nyama tu, bati usihesabu, hapo ndio watu hujidanganya. Ikiwa mpya huwa milimita 10 hadi 12 hivi. Ikifika 3 nunua zingine. Shida ni kwamba ya ndani haionekani poa, na mara nyingi ya ndani ndio huisha kwanza. Kwa hivyo ukiona ya nje ni nzuri na bado filimbi inalia, toa gurudumu uone ya ndani.

---

mama_wa_demio

Kabla hujanunua chochote angalia jiwe. Umesema unapita marram. Nyuma ya diski kuna bati jembamba la kuzuia matope, kokoto kadogo kakiingia pale kati gari inalia kelele ya kuamsha kijiji, mimi yangu ililia kutoka Luanda hadi Maseno watu wakigeuka kuniangalia nikijua diski imekatika. Nilirudi rivasi kidogo ikatoka. Lakini hiyo ya jiwe huwa hainyamazi ukibreki, ndio tofauti, kwa hivyo yako nakubaliana na omera.

---

mzee_kijana254

Mimi nitasema kitu hamtapenda. Breki si pahali pa kujifunzia. Oili ukikosea injini inakufa, breki ukikosea ni wewe unakufa na wenye umebeba. Hapo Kiboswa kuna mteremko na matatu na watoto wa shule na boda zinaingia barabarani bila kuangalia. Lipa fundi, simama hapo umwone akifanya, next time ndio ufanye mwenyewe.

---

omera_wa_kondele

@mzee_kijana254 heshima mzee wangu lakini huyo fundi wake ametaka kumuuzia diski na kalipa bila kutoa gurudumu. Huyo ndio unataka amsimamie? Mimi ni fundi na nasema pedi za mbele za hizi Toyota ndogo ni kazi rahisi kuliko watu wanadhani, bolti chache tu, na mwenye gari akiifanya mwenyewe anaangalia vitu wale wa haraka haraka hawaangalii. Kitu moja nakubaliana na wewe, mara ya kwanza asifanye peke yake jioni akiharakisha. Afanye Jumapili mchana, na simu iko chaji.

---

kijana_wa_nax

Niko Nakuru, nimebadilisha za Probox na za Axio mwenyewe, wacha nikupee vile nafanya, omera atanirekebisha.

Kwanza nunua pedi kabla ya kufungua, na uende dukani na namba ya chesisi ama kadi ya gari, usiseme tu "Fielder" maana Fielder ziko aina nyingi na pedi hazifanani. Utahitaji brashi ya waya, matambara, grisi ya breki (kuna za silikoni za paketi ndogo, muulize mwenye duka, usitumie ile grisi nyeusi ya bearing maana inafurisha raba), na klampu ya seremala, ile ya kukaza mbao. Hiyo klampu ndio watu hukosa wanaanza kusukuma pistoni na bisibisi wanararua raba ya vumbi.

Gari isimame pahali tambarare na pagumu. Si kwa nyasi baada ya mvua, jeki inazama. Ukikosa simiti weka ubao mpana chini ya jeki. Handibreki juu, gia kwa P, mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Legeza nati za gurudumu gari ikiwa bado chini halafu ndio uinue. Na usiamini jeki ya gari peke yake, kama huna stendi, lile gurudumu umetoa lisukume chini ya gari karibu na pale umewekea jeki, jeki ikiteleza gari inakalia gurudumu haikukalii wewe. Hii si mzaha.

Fungua upande mmoja tu kwa wakati. Ule mwingine ubaki umefungwa, ukisahau kitu ilikuwa inakaa vipi unaenda kuchungulia huko. Ama piga picha. Kata usukani upande wa nje ndio upate nafasi ya mikono. Nyuma ya kalipa utaona bolti mbili, kwa hizi gari mara nyingi ni spana ya 14. Toa ile ya chini tu, kalipa inainuka juu kama kifuniko cha sanduku, ifunge na waya kwa springi isianguke. Ukitoa zote mbili usiiache inaning'inia na ile mpira ya mafuta, ifunge na waya pia. Kisha pedi unazivuta na mkono, zinatoka. Angalia kila moja ilikaa wapi, hasa yenye kale ka-bati ka filimbi, na zile klipu za chuma juu na chini.

Sasa hapa ndio kazi yenyewe iko, na hapa ndio mafundi wa haraka huruka. Zile klipu toa, sugua pale chini yake na brashi ya waya mpaka kutu yote iishe, maana kutu ikijaa pale pedi mpya inaingia kwa nguvu na haitarudi ukiachilia breki. Pedi inafaa kuteleza na kidole tu. Halafu zile pini mbili ambazo kalipa inatelezea, zivute zitoke kwa raba zake, zipanguse, angalia kama ziko na kutu ama zimekwaruzwa, paka grisi ya breki kidogo, zirudishe. Zinafaa kuingia na kutoka laini. Pini ikikwama kalipa inavuta upande mmoja tu, na hiyo pedi moja inaisha nyingine ikiwa bado nzima.

Kurudisha pistoni: fungua kifuniko cha ile chupa ya mafuta ya breki, zungusha tambara hapo. Weka pedi ya zamani juu ya pistoni, shika na klampu, kaza pole pole. POLE POLE. Mara kwa mara enda uangalie chupa, kama inakaribia kufurika vuta kidogo na bomba la sindano. Yakidondoka kwa rangi mwaga maji hapo hapo. Na mtu asikanyage breki wakati kalipa iko wazi, kama uko na watoto wanacheza ndani ya gari waondoe kabisa, pistoni ikitoka yote hapo utalia.

Rudisha klipu, pedi mpya, grisi kidogo sana nyuma ya bati pale pistoni inagusa na kwa masikio ya pedi. Upande wa nyama hata tone lisiguse, wala diski. Diski mpya ama yenye umeshika na mikono ya mafuta ipanguse. Funga bolti, rudisha gurudumu, shusha, kaza nati kwa mtindo wa nyota usizifuate kwa mzunguko. Halafu upande wa pili, hata kama pedi zake bado ni nusu, zibadilishe pia, za mbele zote nne zinaenda pamoja, la sivyo ukibreki gari inakuvuta upande mmoja.

Na kabla hujatoa gari hata hatua moja, injini ikiwa imewaka, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedeli iwe ngumu. Ile ya kwanza itaenda mpaka chini kwa sababu pistoni iko mbali na pedi. Jirani yangu hapa alisahau, aliweka R akagonga geti lake mwenyewe, na geti ndio ilikuwa ghali kuliko pedi.

---

omera_wa_kondele

@kijana_wa_nax umeniacha bila kazi. Naongeza mawili tu. Vumbi la breki usilipulize na upepo wala na mdomo, lile ni baya kwa kifua, nyunyiza maji kwanza ama upanguse na tambara lenye maji. Na ukitoa pini usizichanganye, gari zingine ya juu na ya chini si sawa, moja iko na ka-raba kwa ncha.

---

spea_kisumu

Mimi nauza spea, siweki namba hapa msijali sitangazi. Swala la feki. Boksi si ushahidi, boksi zuri linachapishwa popote. Toa pedi uangalie. Nyama imegunda vizuri kwa bati bila nafasi pembeni? Bati limepakwa rangi sawa, haina kutu ndani ya plastiki? Zote nne ziko na unene sawa? Pembeni ya nyama ama nyuma ya bati huwa kuna maandishi yameishia na herufi mbili, kama EE, FF ama GG. Hizo zinasema pedi inashika kiasi gani, ya kwanza ikiwa kwa joto la kawaida ya pili ikiwa moto sana. F ni msuguano kati ya 0.35 na 0.45, E iko chini ya hapo, G juu. FF ni sawa kwa gari ya familia. Herufi ya pili ikiwa chini ya ile ya kwanza, kama FE, ujue inapoteza nguvu ikipata moto, na wewe unashuka milima kila siku. Bila shaka mtu wa feki anaweza kuandika chochote, lakini wengi wao hata hawaandiki.

Pia pedi ngumu sana ya bei rahisi haiishi haraka na watu wanaipenda kwa hiyo sababu, "imekaa sana hii". Imekaa sana kwa sababu inakula diski.

---

boxer_wa_chavakali

na sisi wa boda hamtuambii kitu?? yangu breki ya nyuma nakanyaga mpaka chini

---

omera_wa_kondele

@boxer_wa_chavakali yako ni dramu, angalia pale mkono wa breki unaingia kwa habu ya nyuma, kuna ka-mshale na alama pembeni. Mtu akanyage breki mpaka mwisho wewe ukiangalia, mshale ukipita alama viatu vya breki (zile pedi za dramu) vimeisha, usiendelee kukaza nati ya waya. Kukaza kunarudisha pedeli juu lakini hakurudishi kiatu.

---

draiva_wa_mau

Naendesha canter Nakuru Eldoret na mara mingi Kericho Kisumu. Mmeongea pedi mpaka mwisho lakini hakuna mtu ameuliza kwa nini zinaisha haraka. Kericho iko juu ya mita 2,000, Kisumu iko kama 1,130, hiyo tofauti yote inaishia kwa breki kama wewe ni mtu wa kuteremka na D mguu juu ya pedeli. Na pale Mau Summit kushuka hadi Salgaa kila mtu anajua vile ajali zimekuwa.

Mteremko unashuka na gia. Kwa otomatiki yako iko na 2 ama L ama B, iweke kabla mteremko uanze, usingoje gari ishike kasi. Injini itapiga kelele kidogo, haiumii, wacha ipige. Breki unatumia kwa kipindi, unakanyaga kwa nguvu kidogo gari inapungua, unaachilia zipumue, unakanyaga tena. Ile ya kuwekelea mguu tu njia yote ndio inachoma pedi, na pedi ikichomeka inakuwa na uso kama kioo, haishiki tena hata ikiwa nene.

Halafu mafuta ya breki. Yanavuta maji kutoka kwa hewa, hata chupa ikiwa imefungwa, polepole. DOT 3, hiyo ni aina ya mafuta ya breki, ikiwa mpya inachemka kwa digrii 205, ikishavuta maji kiwango chake kinashuka hadi 140. Mafuta yakichemka kwa mteremko yanatoa mvuke, na mvuke unakandamizika, mguu unaenda chini hakuna kitu. Watu husema breki "zimekataa" na pedi zilikuwa mpya. Badilisha kila miaka 2. Yakiwa meusi kama soda hata usingoje hiyo miaka 2. Na uweke ile imeandikwa kwa kifuniko, kuna watu wameweka ATF, yale mafuta ya giaboksi ya otomatiki, hapo na raba zote zikafura.

---

golf_ya_kakamega

Kwa wengine mnasoma na mko na gari si Toyota, hayo ya klampu ni ya mbele. Kama nyuma iko na diski na handibreki inavuta kalipa hiyo hiyo, kama Golf yangu, pistoni haisukumwi tu, inazungushwa huku ikisukumwa, kuna chombo chake. Ukiilazimisha na klampu unaua kalipa. Na za handibreki ya swichi zinataka kuwekwa hali ya servisi kwanza na mashine. Fielder nyingi nyuma ni dramu kwa hivyo huyu bwana huenda hana hiyo shida.

---

jamaa_wa_mbale

Wakuu asanteni sana, nimefungua leo. Shemeji yangu alikuwa akishika tochi. Mambo ni kama omera alisema lakini kuna kitu sielewi.

Kushoto: pedi ya nje iko na nyama karibu nusu. Ya ndani imebaki kama ganda tu, ka-bati kanagusa diski kabisa, na upande wa chini ni nyembamba kuliko wa juu. Diski upande wa ndani iko na mistari, nikipitisha ukucha unakwama kidogo lakini si sana, na pembeni imeacha ukingo. Upande wa nje ni laini.

Pini ya juu inateleza, ya chini imekataa kutoka kabisa, na raba yake imepasuka. Hapo sijalazimisha nikakuja hapa kwanza. Je nibadilishe diski? Na kalipa imekufa kama yule fundi alisema?

---

omera_wa_kondele

Kalipa haijafa. Pini ndio imekufa ganzi. Raba ilipasuka, maji ya marram yakaingia, grisi ikaosheka, kutu ikashika. Kalipa haikuwa inateleza, kwa hivyo pistoni inasukuma pedi ya ndani peke yake, ya nje inaguswa tu. Na kwa sababu ni pini ya chini imekwama, kalipa imekaa upande, ndio maana chini imeliwa kuliko juu. Ungeweka pedi mpya bila kuigusa hiyo pini ungerudi hapa baada ya muda mfupi ukisema pedi ni feki. @spea_kisumu angepata lawama bure.

Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, ngoja, shika na spana izungushe kushoto kulia kidogo kidogo huku ukivuta. Usiigonge na nyundo kwa ncha. Ikitoka angalia, kama kutu imechimba mashimo nunua pini mpya, zinauzwa na raba zake kwa paketi. Kama ni kutu ya juu juu tu, msasa laini kabisa, safisha na pale shimoni ndani pia, pangusa yale mafuta ya kutu yote maana yanaharibu raba, paka grisi ya breki.

Angalia pistoni pia ukiwa hapo, ukiirudisha na klampu inafaa kuingia laini, na raba yake ya vumbi iwe nzima. Ikiwa laini, kalipa uko nayo bado miaka.

Diski: mgongoni mwake ama ndani ya kofia yake kuna namba imechongwa, MIN TH na milimita. Huo ndio unene wa mwisho, chini ya hapo inatupwa. Pima na kipimo cha vania, upime pale pedi inapita, usipime ule ukingo, ukingo utakudanganya ni nene. Ikiwa juu ya hiyo namba na mistari ni hiyo ya ukucha kukwama kidogo, weka pedi mpya uendelee, zitajikalisha. Ikiwa usukani hutetemeka ukibreki kwa kasi, hapo ipeleke iskimiwe, yaani ikwanguliwe na mashine iwe laini, bora baada ya kuskimiwa ibaki juu ya hiyo namba. Kuskimu ni kupunguza, watu husahau hiyo hesabu.

---

jamaa_wa_mbale

Usukani hautetemeki. Nitaazima vania kwa jamaa wa politeknik hapa. Na baada ya kufunga naanza kutumia tu kawaida ama kuna kitu ya kufanya? nimeskia mtu anasema usibreki kwa nguvu wiki ya kwanza.

---

kijana_wa_nax

Ni kweli nusu. Tafuta barabara iko wazi na tambarare, asubuhi mapema ni poa. Enda 60, punguza mpaka kama 10 ukikanyaga kwa nguvu ya wastani, usisimame kabisa, shika tena 60. Rudia kama mara 10, ukiacha zipoe kidogo katikati. Halafu endesha bila kubreki dakika chache. Ukisimama kabisa zikiwa moto na kushikilia pedeli, pedi inaacha alama kwa diski pale pale na baadaye unahisi inagongagonga. Utaskia harufu kidogo, ni kawaida. Moshi si kawaida.

Baada ya hapo shika rimu ya kushoto na ya kulia na mgongo wa mkono. Moja ikiwa moto sana kuliko nyingine pini bado inakwama.

---

mzee_kijana254

Sawa, nimesoma yote. Bado nasema usiende Kiboswa hiyo siku ya kwanza.

---

omera_wa_kondele

Hapo mzee tuko pamoja.

@jamaa_wa_mbale kabla hujaenda dukani fungua upande wa kulia pia uone pini zake na raba. Magurudumu yote mawili yamepita matope hayo hayo, na paketi ya raba huwa ni ya upande mmoja ama zote mbili kutegemea na duka, uliza. Ukienda na picha ya ile pini imekwama na ya ile nzima, mwenye duka hatakupea ya Vitz.